Ejo ni siku gani? Usonji, saa na sisi wakimbizi

Januari 2023, siku ya kwanza ya kurudi shule, mdogo wangu aliamka kama kawaida yake. Alikuwa na miaka kumi na moja. Akavaa sare, akanywa uji, akaweka begi mgongoni. Ilipofika saa kumi na mbili na nusu akatoka. Hiyo ndiyo saa yake ya kutoka. Kutoka kwetu Rukatsa, hapa Kagarama, mpaka shuleni kwake ni mwendo wa nusu saa kwa miguu, na yeye hachelewi hata siku moja.

Alipofika geti lilikuwa limefungwa. Mtoto mwingine angegonga, au angerudi nyumbani, au angekaa kwenye jiwe asubiri wenzake. Yeye alishika chuma cha geti kwa mikono miwili akaanza kukitikisa. Mlinzi akamwambia bado, akapiga kelele. Mlinzi akamshika mkono kumtoa, akamuuma. Mama akapigiwa simu, mimi nikatumwa, nikapanda pikipiki mbio. Nilipofika alikuwa amekaa chini, jasho linamtoka, anarudia neno moja: “Saa moya. Saa moya. Saa moya.” Alinionyesha saa ya mkononi. Imeandikwa 7:00. Alikuwa sahihi kabisa. Saa moja imefika, shule haijafunguliwa, dunia imeharibika.

Sisi wengine tulijua sababu. Kuanzia tarehe 1 Januari 2023 serikali ya Rwanda ilibadilisha saa za kazi na za shule. Ofisi zikaanza saa tatu asubuhi, shule zikaanza saa mbili na nusu. Ilikuwa kwa faida ya watoto, walale vizuri, wapate na muda na wazazi asubuhi. Redio ilitangaza, majirani waliongea, hata mimi nilimwambia. Nilimwambia hivi: “Mwaka huu mtaanza kuchelewa kidogo.” Nikadhani nimemaliza kazi.

Mimi ni mtu wa vijana. Kila Jumamosi nakaa na vijana wakimbizi wa Kagarama na Gatenga, tunaongea mambo ya shule, ya kazi, ya dawa za kulevya. Siku ile, kwenye geti, niliona kwamba ndani ya nyumba yetu kuna kijana ninayelala naye chumba kimoja na sijui yeye anaonaje kitu kidogo kama asubuhi. Nikaanza kuuliza na kusoma. Haya ni niliyoyapata. Yeye amekubali niandike, ila jina lake amesema libaki nyumbani.

Saa ilivyofika kwetu

Nilianza na swali la kijinga: kabla ya saa, watu wa huku walijuaje kwamba wamechelewa?

Wazee wa Kinyarwanda wana majina ya vipindi vya siku. Mu nkoko ni wakati jogoo wanawika. Agasusuruko ni pale jua linaanza kupasha mgongo, kabla ya mchana kuiva. Jioni ni pale ng'ombe wanarudi. Mwaka nao una majina: umuhindo mvua za kuanzia Septemba, urugaryi kiangazi kifupi, itumba mvua kubwa, impeshyi kiangazi kirefu. Ukiangalia majina haya, karibu yote yanataja kitu kinachoonekana au kusikika. Jogoo anasikika. Ng'ombe wanaonekana wakipita. Hakuna mtu anahitaji kukuambia jioni imefika, imepita mbele yako na vumbi lake.

Halafu ikaja kengele. Mapadri Weupe walifungua misheni ya Save mwaka 1900, ya kwanza ya Wakatoliki katika Rwanda. Mwaka 1907 Mjerumani Richard Kandt akaanzisha kituo chake hapa Kigali. Mwaka 1916 Wabelgiji wakawafukuza Wajerumani. Misheni, ofisi na shule, vyote vilikuja na saa ya ukutani, na mtu akaanza kuitwa mchelewaji kwa sababu ya mshale, si kwa sababu ya jua.

Lakini wazee hawakulitupa jua. Waliliingiza ndani ya saa. Waswahili wa pwani huhesabu saa za mchana kuanzia macheo, na huku karibu na ikweta jua linachomoza karibu wakati uleule mwaka mzima, kwa hiyo hesabu haikosei sana. Saa ya kwanza baada ya jua kutoka ni saa moja. Kinyarwanda kikachukua hesabu hiyo pamoja na maneno yake: saa moya, saa mbiri, saa tatu. Sisi tuliotoka Kivu tulikuja na lugha hiyo midomoni, tukakuta jirani wa Kigali anahesabu kama sisi. Ni kitu kimoja ambacho hatukuhitaji kujifunza upya.

Sasa mweke mdogo wangu katikati ya mambo haya. Simu inaandika 7:00. Mama anasema saa moja. Mwalimu anafundisha kwa Kiingereza, anasema saba. Baba, ambaye alisomea Congo kwa Kifaransa, naye anasema saba, ila kwa Kifaransa. Shangazi yuko kambi ya Nakivale, Uganda, na Uganda iko mbele yetu kwa saa moja nzima. Akisema “nitapiga saa mbili,” kwake ni saa mbili, kwetu ni saa moja. Mimi na wewe tunarukaruka kati ya saa hizi zote bila kufikiri. Mdogo wangu alijifunza kwa nguvu, kama mtu anayejifunza kazi: toa sita, ongeza sita. Alipomaliza kujifunza akaamini kwamba sasa ameishika dunia. Ndiyo maana lile geti lilimuumiza vile.

Tena kuna neno ejo. Kwa Kinyarwanda ejo ni jana na ni kesho pia. Kilingala kina lobi, ni hivyohivyo. Mtu wa kawaida anasikiliza kitendo chote, anajua kama ni ejo iliyopita au ejo inayokuja. Mtoto anayeshika neno moja na kuliacha sentensi, ejo inamwachia mlango wazi pande zote mbili. Mdogo wangu alikuwa akisikia majirani wanasema ejo anakuja kuuliza: “Ejo ya nyuma ao ya mbele?” Watu walicheka. Mimi pia nilicheka. Lakini swali ni zuri.

Mwaka 1969 msomi wa Kenya, John Mbiti, aliandika kitabu kuhusu dini na falsafa za Kiafrika. Humo alichukua maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, akasema Mwafrika wa asili anaishi ndani ya hayo mawili na siku za mbele kwake ni fupi sana. Wasomi wengine wa Afrika walimpinga. Mimi si msomi, ila nimekulia kambini, na nawaunga mkono waliopinga. Mtu aliyesubiri kuitwa kwenda nchi ya tatu kwa miaka kumi na tano, usimwambie hajui mambo ya mbele. Anayajua mpaka yanamnyima usingizi. Asichokijua ni tarehe. Hilo liweke akilini, nitalirudia.

Madaktari waliokimbia

Neno usonji nililisikia mara ya kwanza nikiwa mkubwa. Nyumbani tulikuwa tunasema tu “yuko hivyo.” Wengine walisema vingine, nitafika huko.

Mwaka 1925 daktari mwanamke wa Kirusi, Grunya Sukhareva, aliandika kuhusu wavulana aliowatibu huko Moscow, na ukisoma maelezo yake unawatambua. Dunia haikumsikiliza. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliandika kuhusu watoto kumi na mmoja, wavulana wanane na wasichana watatu. Yeye ndiye aliyesikilizwa. Mambo makubwa aliyoyaona kwao yalikuwa mawili: upweke, na hamu kubwa ya kila kitu kubaki kilivyo. Njia ileile, mpangilio uleule, maneno yaleyale. Ukibadilisha kitu, mtoto anaingiwa na hofu. Ukisoma haraka utadhani hayo ni mambo ya viti na vijiko. Lakini mambo kubaki yalivyo ni jambo la wakati pia: leo iwe kama jana, ili nijue kesho itakuwaje.

Kilichonishangaza ni historia ya watu wenyewe. Kanner alizaliwa mwaka 1894 katika kijiji ambacho leo kiko Ukraine, akahamia Marekani mwaka 1924. Hitler alipoanza kuwatesa Wayahudi, Kanner aliwasaidia madaktari wengi kupata njia ya kuingia Marekani. Mmoja wa waliofika Baltimore kufanya kazi naye alikuwa Georg Frankl, daktari Myahudi aliyetoka Vienna mwaka 1937. Kule Vienna Frankl alifanya kazi katika kliniki moja na Hans Asperger. Asperger yeye alibaki. Mwaka 1944 aliandika kuhusu watoto wa aina hiyo, na jina lake likawa maarufu baadaye. Mwaka 2018 mwanahistoria Herwig Czech alitoa hati zinazoonyesha kwamba Asperger alishirikiana na utawala wa Wanazi, na kwamba kuna watoto aliowapeleka Am Spiegelgrund, mahali ambapo watoto wenye ulemavu waliuawa. Kwa hiyo elimu hii ya usonji, tangu mwanzo, ina waliokimbia ndani yake, na ina watoto ambao hawakupata pa kukimbilia.

Baada ya vita likaja kosa lingine. Madaktari wakasema mama ndiye mwenye makosa, eti hampendi mtoto, ni baridi kama friji. Kanner mwenyewe aliwahi kuandika kuhusu ubaridi wa wazazi. Bruno Bettelheim wa Chicago alilieneza zaidi katika kitabu chake cha mwaka 1967. Naye alikuwa mkimbizi, aliyepita kwenye kambi za Dachau na Buchenwald. Hilo linaniumiza kichwa mpaka leo: mtu aliyeteswa bila kosa akaenda kuwabebesha akina mama kosa lisilo lao.

Aliyewageuzia meza alikuwa mkimbizi mwingine. Eric Schopler alizaliwa mwaka 1927 katika mji wa Fürth, Ujerumani. Familia yake ya Kiyahudi ilikimbilia Marekani mwaka 1938, yeye akiwa mtoto wa miaka kumi na moja. Umri wa mdogo wangu siku ile ya geti. Alisomea Chicago, kulekule kwa Bettelheim, akatoka akiamini kinyume chake. Alipofika chuo kikuu cha North Carolina, yeye na mwenzake Robert Reichler waliwachukua wazazi kama wenzao wa kazi, si washitakiwa. Mwaka 1972 jimbo hilo likaufanya mpango wao, TEACCH, kuwa huduma ya jimbo zima.

Na ndani ya mpango huo ndipo wakati ulipopata dawa yake ya bei ndogo. Kama mtoto anaelewa kwa macho kuliko kwa masikio, basi siku yake ichorwe. Picha ya kuamka, picha ya chakula, picha ya darasa, picha ya basi, kwa mpangilio, kutoka juu kwenda chini au kushoto kwenda kulia. Kitu kikiisha, picha inatolewa na kuwekwa mahali pa vilivyoisha. Mtoto anaona kilichopita, anaona alipo, anaona kinachokuja. Nilipoisoma hii nilikumbuka ng'ombe wanaorudi jioni. Schopler hakujua Kinyarwanda, lakini aliwarudishia watoto wakati unaoonekana.

Wenye usonji wanaionaje saa

Hapa naomba tuende polepole, maana watu hupenda kusema “wote wako hivi.” Hawako hivyo. Kuna wanaojua kila ratiba kwa kichwa, na kuna wasioweza kusema leo ni siku gani. Wapo wachache unaowatajia tarehe ya miaka ya nyuma wakakuambia ilikuwa Jumatatu au Alhamisi. Wengi hawana kipaji hicho, wala hawadaiwi.

Mtaalamu wa Uingereza, Jill Boucher, aliandika mwaka 2001 kwamba watu wenye usonji wanaweza kuwa kama wamepotea ndani ya bahari ya wakati, kwa sababu ni vigumu kwao kuukata wakati vipandevipande na kuvipanga. Waliomfuata walipima mambo madogo, kwa mfano kukisia sauti imechukua sekunde ngapi, na majibu yalitofautiana. Wapo wenye usonji waliofanya vibaya, wapo waliofanya sawa na wengine. Kwa hiyo si kwamba saa ya ndani imeharibika. Ugumu uko zaidi katika kupanga, kubadilisha kazi, na kuichora kesho kichwani kabla haijafika.

Mwaka 2005 Dinah Murray, Mike Lesser na Wendy Lawson walitoa maelezo mengine, na Lawson mwenyewe ana usonji. Walisema akili ya mtu mwenye usonji inaweka nguvu zake zote kwenye kitu kimoja au vichache. Mimi naielewa kama maji ya shambani. Kwa wengi yanatawanyika kila tuta linapata kidogo. Kwao yanapita mfereji mmoja kwa nguvu. Akiwa ndani ya kitu anachokipenda, saa tatu ni kama dakika kumi. Ukimtoa ghafla ni kama umeziba mfereji kwa jiwe, lazima maji yapasuke mahali. Watu wenye usonji wenyewe wanaeleza pia kwamba kuanza ni kazi na kuacha ni kazi. Mdogo wangu anaweza kukaa na kiatu kimoja mguuni dakika ishirini. Tulikuwa tunasema ni mvivu. Kumbe alikuwa anatafuta njia ya kuingia kwenye kiatu cha pili.

Na neno la wakati kwake ni ahadi. Hapo ndipo sisi tunakosea zaidi. “Sasa hivi” yetu si sasa. “Nakuja” yetu maana yake naondoka. “Dakika mbili” zetu hazina hesabu. “Kidogo” yetu ni kuanzia sekunde mpaka mwaka. Tunaelewana kwa sababu sote tunajua tunadanganyana kwa upole. Yeye hakuambiwa kwamba ni upole. Alijua tu kwamba ni uongo.

Hapa kwetu

Afrika Mashariki wazazi ndio walioanza. Nairobi, wazazi waliunda chama cha usonji cha Kenya mwaka 2003, na shule ya msingi ya City ikawa na kitengo cha watoto hawa. Hapa Kigali kuna Autisme Rwanda, iliyoanzishwa mwaka 2014 na Rosine Duquesne Kamagaju. Rwanda iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2008. Sheria ipo, na watu wa kuonyesha njia wapo, ila hawajatosha kwa kila kilima.

Mitaani bado kuna maneno. Mama yangu aliambiwa amelogwa. Aliambiwa alikosea wakati wa mimba. Aliambiwa mtoto ana pepo, wakamfungisha siku tatu bila chakula, yeye na mtoto, na mtoto hakuelewa kwa nini saa ya uji imefika na uji hakuna. Nilipofika kwenye habari za akina mama baridi kama friji, nilimsomea Mama kwa Kiswahili. Akanyamaza, kisha akasema: “Kumbe hata kule kwa wazungu wenye masomo walitusingizia.” Sijui kama ilimfariji. Lakini tangu siku hiyo hajaomba msamaha kwa jirani yeyote kwa sababu ya mtoto wake.

Wakati wa kambi

Sasa narudi kwa ile tarehe isiyojulikana.

Sisi wakimbizi tunaishi ndani ya wakati ambao si wetu. Kiziba ilifunguliwa mwaka 1996 kama mahali pa muda, na kuna watu wamezaliwa humo na kuzaa humo. Gihembe ilifungwa mwaka 2021, waliokuwa humo wakahamishiwa Mahama, upande wa pili wa nchi. Kigeme, ambako mimi nilikulia, tulisubiri siku ya msaada, siku ya uhakiki, siku ya mahojiano. Tangazo linasema Jumanne, linakuja kusogezwa Ijumaa. Foleni inaanza asubuhi, jina linasomwa jioni, ao halisomwi. Tumezoea, au tunasema tumezoea.

Halafu fikiria mwaka 2020. Shule zilifungwa katikati ya Machi, na kuanzia tarehe 22 Machi watu wote wakabaki nyumbani mpaka mwanzo wa Mei. Baada ya hapo saa ya kurudi nyumbani ikawa inabadilika kila mara: mara saa mbili usiku, mara saa tatu, mara saa moja. Mdogo wangu alikuwa na miaka minane. Kila jioni alisimama mlangoni akiuliza saa ya leo ni ipi. Sisi tulimwona msumbufu. Ukweli ni kwamba wote tulikuwa tunauliza hilohilo, yeye ndiye peke yake aliyelisema kwa sauti.

Ndiyo maana naandika hapa na si mahali pengine. Mtu aliyekaa kambini anajua mwilini ni nini kuishi bila kujua kinachofuata. Anajua hasira inayokuja, kifua kinachobana, usingizi unaokataa. Mtoto mwenye usonji anayepiga kelele kwenye foleni hana akili mbaya. Anafanya kile ambacho sisi wakubwa tumejifunza kukimeza.

Na ndugu zetu wa mashirika, naomba mnisikilize bila kukasirika. Mkibadilisha siku, semeni mapema, na msiseme kwa kipaza sauti peke yake. Bandikeni mahali pamoja pasipobadilika. Chora siku ya zamani na msalaba juu yake, chora siku mpya. Andikeni saa mara mbili, 10:00 na saa nne, maana hata wazee wetu wanachanganyikiwa hapo. Na kama hamjui tarehe, semeni “hatujui, tutawaambia Ijumaa,” halafu Ijumaa mje mseme, hata kama jibu bado ni hatujui. Mtapunguza kelele za watu wengi, si za wenye usonji tu.

Tulichofanya nyumbani

Hatukuwa na pesa ya vifaa. Nilichukua upande wa katoni ya sabuni, nikaufunga kamba, nikautundika pembeni ya mlango. Nilichora picha kwenye vikaratasi: kitanda, uji, begi, geti, mpira, sahani, ndoo ya kuoga. Tunazibana kwa vibanio vya nguo kutoka juu kwenda chini. Kila picha ina saa mbili pembeni, ya simu na ya Mama. Kikiisha kitu, yeye mwenyewe anaitoa picha anaiangusha kwenye kopo la maziwa. Sauti ya kanzi kuanguka kwenye kopo ndiyo anaipenda, kwa hiyo kibanio kinaanguka pamoja na picha.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi kuna picha ya jembe. Hiyo ni umuganda, saa mbili mpaka saa tano, maduka yamefungwa, hakuna kwenda popote. Zamani siku hiyo ilikuwa vita nyumbani kwetu. Sasa anaiweka tangu Jumapili kabla yake, na majirani wawili wanakuja kumuuliza kama umuganda ni wiki hii ao ijayo.

Kuna kikaratasi kimoja cha njano kisicho na picha. Maana yake: hapa kuna kitu kitabadilika, hatujui ni nini. Hicho ndicho kilichukua muda. Mwanzoni alikichana. Tukakitumia kwa mambo madogo mazuri, mandazi badala ya mkate, mpaka akajua kwamba mabadiliko mengine hayaumi. Bado hakipendi. Kila tukikiweka anakigusa mara kadhaa kabla ya kulala.

Na sisi tulipata sheria yetu. Neno “kidogo” limefukuzwa nyumbani. Ukisema utarudi saa kumi, unarudi saa kumi, au unapiga simu kabla ya saa kumi. Mimi ndiye niliyeivunja zaidi. Mwezi uliopita nilimwambia nitamchukua mpirani saa nane, nikakwama mjini kwenye basi ambalo halikutaka kuondoka mpaka lijae, simu imekwisha moto. Nilifika saa kumi kasoro. Hakupiga kelele. Alikuwa amekaa chini ya katoni, picha ya mpira mkononi. Aliniuliza: “Yaya, hii niitie mu kopo? Haikufanyika.” Sikuwa na jibu. Hatukuwa na mahali pa vitu vilivyoahidiwa na havikufanyika. Jioni ile tuliongeza kopo la pili.

Saa za shule alizielewa tarehe 16 Januari 2023, wiki moja baada ya lile geti. Nilichora geti limefungwa, pembeni 7:00 na saa moja, na msalaba juu yake. Chini yake geti limefunguliwa, 8:30 na saa mbili na nusu. Akaangalia muda mrefu. Kisha akaniuliza kwa nini sikumchorea kabla.

Nikaanza kusema kwamba redio ilitangaza. Nikaacha. Redio ilitutangazia sisi.